Konokono wa Bahari wa Kipindi cha Jurasiki na Swali la Bahari ya Kisangani

1.0 Utangulizi

Maji ya Ziwa Tanganyika yana mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga, unaoanzia Kalemie na kuelekea magharibi hadi Lualaba. Lualaba huyapokea maji hayo, huyachukua kaskazini kupitia Kindu na Ubundu, na kuyashusha katika maporomoko ya Wagenia mbele ya macho ya watu wa Kisangani. Kutoka hapo mto huitwa Kongo. Kwa hiyo mkaaji wa Kisangani anayechota maji mtoni huchota pia, japo kwa kiasi kidogo, maji ya Tanganyika.

Zaidi ya karne moja iliyopita mwanazuoni mmoja wa Uingereza alidai kwamba baina ya ziwa hilo na bonde hili la Kongo palikuwapo kiungo kingine, cha kale zaidi na kikubwa zaidi, yaani bahari. Ushahidi wake mkuu ulikuwa maganda ya konokono. Nusu karne baadaye wataalamu wengine, bila kumfuata yeye, walisema tena kwamba bahari ilipata kufika karibu na Kisangani. Safari hii ushahidi ulikuwa mifupa ya samaki.

Madhumuni ya makala haya ni kusimulia historia ya madai hayo mawili na kuyapima kwa kipimo kimoja: konokono wa bahari wa kipindi cha Jurasiki, kilichoanza takriban miaka milioni 201 iliyopita na kwisha takriban miaka milioni 145 iliyopita. Tutaanza kwa kueleza namna konokono wa kale anavyotambuliwa na kupangwa katika ukoo wake. Kisha tutakwenda pwani ya Afrika Mashariki, ambako konokono hao wapo kweli, ndipo turudi Tanganyika na hatimaye Kisangani. Tutaonyesha kuwa jina linalopewa ganda dogo laweza kuhamisha mwambao wa bahari maelfu ya kilometa. Kwa sababu hiyo anayelitoa jina hilo hana budi kuwa na hoja zaidi ya sura ya ganda.

2.0 Namna ya Kumtambua Konokono wa Kale

Konokono aliyekufa miaka milioni 150 iliyopita hakutuachia nyama. Wataalamu wa wanyama walio hai huwapanga konokono kwa kuangalia viungo vya kupumulia, moyo, mishipa ya fahamu na ule utepe wenye meno madogo ulio kinywani. Vyote hivyo huoza. Kinachobaki ni ganda, na mara nyingi hata ganda lenyewe limeyeyuka likaacha umbo lake tu ndani ya jiwe.

Mchunguzi hulisoma ganda kwa utaratibu. Huhesabu mizingo, yaani zile zamu ambazo ganda hujizungusha kutoka ncha hadi mdomo. Hupima urefu na upana, huangalia kama mizingo imevimba au imelala bapa, na huchora mapambo ya juu: mistari, vinundu, miiba. Huchunguza mdomo, kama ni wa mviringo au una mfereji. Mwisho, ikiwa bahati ipo, huangalia ncha yenyewe, ambayo ndiyo ganda la utotoni, maana huko huhifadhiwa dalili za ukoo ambazo mizingo ya utu uzima huzificha.

Hata hivyo, umbo la nje hudanganya. Mfano ulio bora ni ule wa konokono wa jamii ya Nerinea, walioishi katika bahari za joto zenye kina kifupi, wakatoweka wote kabla ya kwisha kwa kipindi cha Kretasi. Kwa nje wengi wao ni warefu na wembamba, wenye ncha kali, na msomaji wa pwani angewafananisha upesi na tondo wa mikokoni. Lakini ukilikata ganda kwa msumeno kutoka ncha hadi mdomo, waona ndani mikunjo iliyojitokeza kutoka nguzo ya katikati na kutoka kuta, ikibana nafasi ya mnyama hata ikawa kama tundu la ufunguo. Tondo hana mikunjo hiyo. Mwaka 1850 Daniel Sharpe alitumia mikunjo hiyo kuigawa jamii ya Nerinea katika makundi, na mojawapo aliliita Nerinella. Jina hilo tutakutana nalo tena.

Aidha, mpango wenyewe wa ukoo haukutulia. Johannes Thiele alitoa mpango mkubwa wa konokono kati ya 1929 na 1931, nao ulitumika kwa miongo mingi. Mwaka 2005 Philippe Bouchet na Jean-Pierre Rocroi walichapisha mpango mwingine uliozingatia matokeo ya uchunguzi wa chembe za urithi, nao ukasahihishwa mwaka 2017. Konokono wa kale, ambao chembe zao za urithi hazipatikani, hupachikwa katika mpango huo kwa dalili za ganda tu.

Kutokana na hayo twaweza kusema kuwa konokono wa kale huhitaji mashahidi watatu: umbo la nje, muundo wa ndani, na tabaka alimolala pamoja na viumbe aliozikwa nao. Shahidi wa kwanza akisimama peke yake, hukumu haifai kutolewa.

3.0 Pwani: Tendaguru na Mombasa

Katika Afrika Mashariki mashahidi wote watatu hukutana pwani. Mwishoni mwa karne ya 19 Wilhelm Bornhardt alisafiri katika nchi iliyokuwa koloni la Wajerumani na kukusanya mawe na visukuku. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1900, G. Müller aliwaeleza viumbe wa kale waliokusanywa, miongoni mwao konokono ambaye leo huitwa Nerinella credneri.

Miaka michache baadaye konokono huyo alipata umaarufu kwa sababu ya majirani zake. Mwaka 1906 mhandisi Bernhard Sattler aliona mifupa mikubwa katika kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi. Kuanzia 1909 hadi 1913 Makumbusho ya Berlin yaliendesha machimbo makubwa huko chini ya Werner Janensch, Edwin Hennig na, mwishoni, Hans Reck. Kazi ya kuchimba ilifanywa na mamia ya Waafrika, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Jina lake liliingia katika elimu rasmi mwaka 2007, dinosau mmoja wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii.

Dinosau ni wanyama wa nchi kavu. Wachimbaji walijuaje kwamba bahari ilikuwa karibu? Matabaka ya Tendaguru hupishana: tabaka la dinosau, kisha tabaka la mchanga wenye maganda ya bahari, kisha dinosau tena. Tabaka la kwanza la bahari liliitwa kwa jina la konokono wetu, na katika mpango uliochapishwa mwaka 2009 bado huitwa Tabaka la Nerinella. Mwaka 1914 Wilhelm Otto Dietrich alichapisha maelezo ya konokono wa matabaka ya Tendaguru. Hapo Nerinella hakuwa peke yake, kwa maana katika matabaka hayo ya bahari wamo pia chaza wenye magamba mazito wa jamii ya Trigonia, ambao nao ni wa bahari. Umbo la nje, muundo wa ndani na wenziwe wa tabaka vyote vilisema neno moja.

Hali ni hiyo hiyo kaskazini zaidi. Mawe ya chokaa ya Kambe na matabaka yaliyo karibu na Mombasa ni ya bahari ya Jurasiki, na yana amonaiti, wale viumbe wa bahari wenye ganda lililojiviringa kama pembe ya kondoo dume. Mwaka 1965 L. R. Cox, wa makumbusho ya historia asilia ya London, alichapisha kazi kubwa juu ya chaza na konokono wa Jurasiki wa Tanganyika na Kenya. Alifariki mwaka huo huo. Msomaji na alikumbuke jina hilo, kwani litarejea tutakapofika Lualaba.

4.0 Tanganyika: Dhana ya Moore

Tuache pwani sasa, twende bara, ambako shahidi wa kwanza alisimamishwa peke yake.

Maganda ya kwanza ya Ziwa Tanganyika kufika Ulaya yaliletwa na John Speke, aliyefika ziwani pamoja na Richard Burton mwaka 1858. Samuel Woodward aliyaeleza mwaka uliofuata. Kuanzia mwaka 1880 Edgar Smith aliongeza mengine. Wote wawili walishangaa, kwa kuwa maganda hayo ni mazito, yana vinundu na miiba, na hayafanani na maganda mepesi ya konokono wa mito. Mtu asiyejua yalikotoka angedhani yameokotwa ufukoni mwa bahari. Mwaka 1883 Richard Böhm aliona ziwani humo kiwavi wa maji, mnyama laini ambaye jamaa zake wengi ni wa bahari, na mshangao ukaongezeka.

John Edmund Sharrock Moore alifika ziwani kwa safari mbili, ya 1895 hadi 1896 na ya 1899 hadi 1900. Mwaka 1898 alitoa dhana kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya Jurasiki, na mwaka 1903 aliieleza kwa urefu katika kitabu chake The Tanganyika Problem. Hoja yake ilikuwa ya kulinganisha. Aliweka maganda ya ziwa kando ya maganda ya konokono wa bahari wa Jurasiki kutoka mawe ya chokaa ya Uingereza, akaona yanakwenda wawili wawili: Paramelania na Purpurina, Bathanalia na Amberleya, Chytra na Onustus. Bahari waliyotoka, kwa maoni yake, ilienea magharibi ya ziwa, katika bonde la Kongo.

Ni haki kusema kwamba Moore hakuwa mjinga. Alipasua konokono walio hai, akachunguza viungo vyao, na aliuliza swali la kweli: kwa nini ziwa moja tu katika Afrika lina maganda ya namna hii? Kosa lake lilikuwa kuchukua kufanana kwa sura kuwa ni udugu. Wilfrid Hudleston, ambaye kati ya 1887 na 1896 alikuwa amechapisha maelezo ya konokono wa mawe hayo hayo ya Uingereza, aliichambua dhana hiyo mwaka 1904 na hakuridhika nayo. William Cunnington alikwenda ziwani mwaka 1904, na katika mapitio yake ya viumbe wa maziwa ya Afrika ya mwaka 1920 alihitimisha kwamba hakuna haja ya kuileta bahari ya Jurasiki.

Elimu iliyofuata imeifunga kesi. Umri wa Tanganyika hukadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12. Jurasiki ilikuwa imekwisha zaidi ya miaka milioni 130 kabla ya ziwa kuzaliwa. Konokono wake huwekwa leo katika familia ya Paludomidae, ambayo ni ya maji baridi. Na uzito wa maganda yao una sababu iliyo karibu zaidi. Mwaka 1991 Kelly West na wenzake walionyesha kwamba kaa wa ziwa wana koleo zenye nguvu za kuvunja maganda, na konokono wa ziwa wana maganda magumu kuvunjika. Ziwa kubwa lenye kaa wakali huunda ganda kama la bahari bila ya kuwa bahari.

5.0 Kisangani: Mahali pa Kupimia

Dhana ya Moore ilikuwa na sehemu moja iliyoweza kupimwa kwa nyundo. Kama bahari ilifunika bonde la Kongo katika Jurasiki, mawe ya Jurasiki ya bonde hilo yapaswa kuwa na konokono wake. Mawe hayo yapo, nayo yanaonekana kando ya Lualaba, juu ya Kisangani kuelekea Ubundu. Mji uliitwa Stanleyville hadi 1966, na jina hilo la kikoloni, lililoondoka katika ramani, limebaki katika jiolojia: matabaka hayo huitwa hadi leo Matabaka ya Stanleyville.

Reli ya kilometa 125 kutoka Kisangani hadi Ubundu, iliyokamilika mwaka 1906 ili kuyakwepa maporomoko, ilifanya eneo hilo lifikike kwa urahisi. Baadaye mawe yake ya udongo yenye lami yalichunguzwa kwa matumaini ya mafuta. Visukuku vilifuata. Mwaka 1917 Louis Hussakof wa New York aliwaeleza samaki wa kale waliokusanywa na msafara wa Marekani wa 1909 hadi 1915, miongoni mwao Lepidotes congolensis. Mwaka 1955 Pierre de Saint-Seine alichapisha maelezo ya samaki wa mawe ya udongo na mawe ya lami ya Stanleyville. Mwaka 1962, pamoja na Edgard Casier, aliongeza sehemu ya pili, juu ya samaki wa mawe ya chokaa ya Songa, na katika anwani ya kazi hiyo aliwaita viumbe hao wa bahari.

Hivyo bahari ikarudi Kisangani, safari hii kwa njia ya samaki waliofanana na samaki wa bahari za Jurasiki za Ulaya. Dai hili lilikuwa na nguvu kuliko la Moore, kwa sababu visukuku vya Songa ni vya Jurasiki kweli na si wanyama walio hai. Na halijafutwa: Louis Taverne alipomchunguza upya Paraclupavus caheni wa Songa mwaka 2001, bado alimhesabu kuwa samaki wa bahari.

Hata hivyo, tukiwaita mashahidi wengine twaona picha tofauti. Nicolas Grekoff, mwaka 1957, alieleza ostrakodi wa bonde la Kongo, viumbe wadogo mno wa jamaa ya kamba wanaoishi ndani ya magamba mawili. Mwaka 1967 Simone Defretin-Le Franc alieleza jamaa zao wengine ambao ni wa madimbwi na maziwa. Na mwaka 1960 L. R. Cox, yule yule wa konokono wa Tanganyika na Kenya, alichapisha maelezo ya moluska wa matabaka ya Lualaba. Mtu aliyeyajua vema maganda ya bahari ya pwani ndiye aliyeyashika maganda ya huku. Katika orodha za Lualaba hakuna Nerinella, hakuna Trigonia, hakuna amonaiti.

Umri nao una neno. Matabaka ya Stanleyville yalidhaniwa kwanza kuwa ya Jurasiki ya mwisho, sawa na Tendaguru. Mwaka 1994 Jean-Paul Colin, kwa kutumia ostrakodi, aliyarudisha hadi Jurasiki ya kati. Huo ndio wakati ule ule wa mawe ya Uingereza ambayo Moore alichukua humo maganda yake ya kulinganisha. Basi kama bahari ya Moore ingalikuwapo, na konokono wake wangaliishi humo, mahali pa kuwaokota pangalikuwa hapa, kandokando ya Lualaba. Hawakuokotwa.

Je, samaki wa Songa? Hapa chakula chetu cha kila siku chaweza kutusaidia. Ndakala wa Tanganyika, anayeuzwa mkavu masokoni, ni wa ukoo wa samaki wa bahari, jamaa ya sadini. Hakuna anayesema kwamba kwa sababu hiyo ziwa ni bahari. Uchunguzi wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mababu wa ndakala waliingia kutoka bahari katika Afrika Magharibi kati ya miaka milioni 25 na 50 iliyopita, wakazoea maji baridi, wakasambaa kwa mito. Samaki huogelea, hupanda mito, hupita mabwawa ya pwani, na kizazi chake hubadili maji. Nerinella hakuweza safari hiyo. Alikaa alipozaliwa, katika chumvi, na hapo alizikwa. Kwa sababu hiyo, katika swali la bahari, ushuhuda wa konokono ni mzito kuliko wa samaki, na kutokuwapo kwake hakuwezi kupuuzwa.

Hatusemi kwamba kutokuwapo ni uthibitisho kamili. Mawe ya chokaa ya Songa yanaonekana katika sehemu chache, na msitu umefunika mengi. Twasema tu kwamba anayetaka kuiweka bahari Kisangani ana deni, nalo ni ganda moja la kiumbe wa bahari asiyeweza kupanda mto, likiwa ndani ya tabaka lake.

6.0 Vielelezo na Lugha

Deni hilo linaweza kulipwa na nani? Katika elimu ya spishi, jina hutundikwa juu ya kielelezo kimoja rasmi, na kila mwenye shaka hurudi kwenye kielelezo hicho. Konokono wa Tendaguru walikwenda Berlin; samaki wa Songa wamo Tervuren; wale wa Hussakof wamo New York. Chuo Kikuu cha Kisangani kilianza mwaka 1963 kama chuo huru, kikaingizwa katika chuo kimoja cha taifa mwaka 1971, na kikawa chuo kinachojitegemea tena mwaka 1981. Mwanafunzi wake anayeishi saa chache kutoka Songa huwajua samaki wa Songa kwa picha.

Umbali huo si jambo la heshima tu. Huathiri hoja yenyewe. Shahidi wa tatu, yaani tabaka na wenziwe, hakai katika droo ya makumbusho. Yuko ukingoni mwa mto. Samaki aliyechukuliwa bila kuandikwa alilala juu ya nini na chini ya nini amepoteza nusu ya ushahidi wake, na nusu hiyo haiwezi kurudishwa kutoka ng'ambo. Anayeweza kuitafuta upya ni yule aliye karibu na jiwe, maji yanapopungua na kingo zikawa wazi.

Kwa upande wa Kiswahili, kazi hiyo ina haja ya maneno, na mengi tunayo tayari. Katika makala haya tumetumia mizingo, nguzo, mdomo, mikunjo na ganda la utotoni. Kwa mnyama mwenyewe, neno konokono limebeba wa nchi kavu na wa majini pia, ilhali pwani ina majina mahususi kama tondo na kauri. Ni vema majina hayo ya pwani yasitumiwe ovyo kwa wanyama wa kale wanaofanana nao kwa nje tu. Kumwita Nerinella tondo kungekuwa kurudia, kwa Kiswahili, kosa la Moore.

7.0 Hitimisho

Tumeona madai mawili ya bahari ya bara. La kwanza lilijengwa juu ya sura ya maganda yaliyo hai, likaanguka umri wa ziwa ulipojulikana na ukoo wa konokono ulipochunguzwa. La pili limejengwa juu ya samaki, na bado linangoja shahidi asiyeogelea. Kati ya hayo mawili wamesimama konokono wa Tendaguru, ambao bahari yao haina ubishi kwa sababu walikatwa na kutazamwa ndani, na kwa sababu wachimbaji waliandika walilala na nani.

Basi mwanafunzi wa Tshopo atakayeokota ganda katika mawe ya Songa asianze na jina. Aanze na ukingo, tabaka na jiwe lililolizunguka, aviandike, kisha alikate. Akiona mikunjo juu ya nguzo, historia ya bonde la Kongo itabidi iandikwe upya. Asipoiona, atakuwa amelisogeza swali hatua moja, na ganda lake libaki Kisangani, ambapo wa baada yake ataweza kulitazama.